Mtungi wa Ubani

Harufu ya ubani hunikasirisha. Wengine wakiisikia hukumbuka harusi na maulidi. Mimi hukumbuka mtungi wa maji uliokaa barazani kwetu Tumbe, na mdogo wangu Rukia, mwenye pengo la meno ya mbele. Kila alasiri mama yetu, Bi Zuwena, aliuosha mtungi ule, akaupindua juu ya chetezo mpaka moshi wa ubani ukaenea ndani, ndipo akautia maji ya kisima. Wachuuzi wa samaki wakitoka diko, kule pwani mashua zinakoshusha samaki, walisimamisha baiskeli zao, wakachota kwa kata ya kifuu, wakanywa huku wakimsifu. Hatukuwa na mali, lakini maji ya Bi Zuwena yalijulikana mpaka Konde.

Masika ya mwaka mmoja kipindupindu kikaingia mtaa wa juu. Bwana afya akapita nyumba kwa nyumba na vidonge vya klorini. "Tieni kidonge msubiri nusu saa, ama yachemsheni," alisema. "Moshi watia harufu tu, Bi Zuwena, hauui vijidudu." Mama alitii. Siku ile ile mchuuzi wa kwanza alipiga funda moja, akatema hadharani. "Yakhe, maji yano yanuka spitali!" Wenzake wakacheka, wakapanda baiskeli zao. Kesho yake jirani yetu, Bi Mwanaidi, akaja kuuliza kama tumewaona wao wachafu hata tuwatilie dawa. Mama alikuwa mwepesi wa kuona haya. Vidonge akaviweka juu ya kabati, mtungi akaufukiza maradufu. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi waje wanieleze alipona nani. Wageni walirudi, na kata ikapita mkono kwa mkono, ikitumbukizwa mtungini kama zamani.

Rukia aliamka alfajiri akiharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kufika adhuhuri macho yalikuwa yamezama, na ngozi yake ukiifinya hairudi. Tulimpeleka kambi ya mahema ya wagonjwa, akatundikiwa dripu, lakini tulikuwa tumechelewa. Hatukupewa ruhusa ya kumwosha maiti. Watu waliovaa glavu za mpira mpaka mabegani walimpulizia dawa, wakamkafini wenyewe, na mama akasimama nyuma ya kamba akiomba ashike hata miguu. "Haifai, bibi," aliambiwa.

Matangani bwana afya aliyatia mapipa ya maji klorini kwa mkono wake. Wakaja wote, wachuuzi na Bi Mwanaidi. Wakayanywa yale yale maji ya spitali bila kukunja uso. Sijawasamehe mpaka leo.

Sasa mimi ni mtu mzima na mama amezeeka. Mabomba yamefika mlangoni, maji yenyewe huyaoni. Kisima ni kile kile, karibu na vyoo, na vidonge huletwa watu wakishaanza kufa. Mama hutia klorini katika kila kitu, maji, vikombe, mchicha, mpaka vidole vimemchubuka. Chetezo hajakigusa tena, na wachuuzi hupita bila kusimama. Nikienda kumwona hunipa glasi ya maji, akakaa mbele yangu akiniangalia koo. Juzi nilisita, maana dawa ilikuwa kali.

"Kunywa, mwanangu," akaniambia. "Siku hizi mie sioni haya."