Shamba Lililoandikwa kwa Bomba

Shamba langu la ekari mbili kule Mabwepande lilikuwa limemezwa na magugu, na Dar ukiacha shamba liote magugu, madalali wanaanza kulimezea mate. Kibao changu cha mbao cha kukataza lisiuzwe kiling'olewa mara mbili. Nadhani kiliivisha maharage ya mtu. Kisha jirani akanipigia simu: kuna kijana analeta wateja, anawaonyesha mipaka kwa kidole. Niliogopa, nisiseme uongo. Akiba yangu yote ya ualimu imeishia pale, na sina kingine cha kustaafia.

Nikaenda Kariakoo kutafuta bomba la kupulizia dawa ya magugu. Nilitaka kubwa kuliko yote, kwa sababu nilikuwa na hasira. Mwenye duka, mzee wa Kihindi mwenye kofia nyeupe, akalijaza maji, akanivika mgongoni, akaniamuru nitembee hadi mlangoni na kurudi. Nilirudi nimepinda kama ndoana.

"Mama, magugu hayauawi kwa hasira," akasema, akanipa dogo, na ncha inayomwaga dawa kwa upana kama ufagio. "Hili utabeba mpaka umalize."

Jumamosi asubuhi, kabla ya upepo, nikavaa ovaroli ya mume wangu, buti, glavu, kofia na barakoa. Nikajaribu kwanza kwa maji matupu, nikaujua mwendo wangu. Shamba lina mteremko unaotazama barabara, na nilipoutazama nikapata wazo ambalo mtu wa umri wangu hapaswi kulipata. Nikachomeka vijiti, nikafunga kamba. Sijamaliza kuchanganya dawa, kijana mmoja akatokea, viatu vimechongoka.

"Braza, mambo? Nani kakupa hii kazi?"

"Mwenye shamba."

"Aah, kumbe mama! Shikamoo." Mwizi mwenye adabu. "Huyo mwenye shamba kanikabidhi mie niliuze. Piga fasta, mama, wiki mbili zijazo naleta mteja wa maana. Na we uwepo, aone pana matunzo. Hizo kamba za nini?"

"Za kuniongoza, nisirudie nilikopita."

"Safi sana."

Damu ilinichemka. Lakini ningemfukuza, angerudi siku nisiyokuwepo. Nikashika kiuno, nikalalamika kwamba kisima kiko mbali na mgongo wangu umechakaa. Basi dalali wa watu akakunja suruali, akabeba ndoo. Alikwenda na kurudi, jasho linamtiririka, nami napiga bomba taratibu, nafuata kamba zangu. Sijawahi kufurahia kazi ya shamba namna ile. Tulipomaliza nikang'oa vijiti, na hakikuonekana kitu. Dawa ile haina papara. Nyasi hukaa siku kadhaa kabla ya kukubali kwamba zimekufa.

Siku ya mteja nilifika mapema, ovaroli mwilini, bomba tupu mgongoni, ndoo ileile mkononi, nikasimama kando ya barabara. Dalali akaja na bwana mmoja mnene aliyevaa miwani. Kijana akalipa shamba mgongo, akaanza kusifia hewa. Mteja alikuwa akiitikia kwa kichwa, mara akaacha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Mteremko mzima ulikuwa wa kijani, na katikati yake, kwa nyasi zilizokauka njano, herufi kubwa kuliko nyumba: HALIUZWI.

"Nani kaandika vile?" akauliza mteja.

Nikavua barakoa. Sauti ilitoka ile ya darasani. "Mimi, mwenye shamba. Na huyu ndiye msaidizi wangu. Maji yote ya kuandikia kabeba yeye."

Mteja akarudi kwenye gari lake bila kuaga. Dalali akatazama viatu vyake. Halafu akaniambia shikamoo.

"Marahaba, baba," nikamjibu. "Ndoo yangu irudishe kisimani."