Damu ya Upande wa Baba

Mume wangu alikuwa Mchina wa Guangzhou. Tulikutana Wembley, kwenye duka alikokuwa fundi simu. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka sita tangu nitoke Tanga, kazi yangu kuwahudumia wazee majumbani. Alijifunza Kiswahili cha kuombea chai. Kichina changu hakikuvuka salamu. Binti yetu, aliyefundishwa Kichina na baba yake, ndiye aliyeniunganisha na ndugu za mume wangu. Kiswahili anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza.

Mwaka alipofikisha arobaini na moja, mume wangu alikwenda kumwona mama yake. Alirudi akilalamikia mguu wa kushoto. Nilimkanda kwa mafuta ya karafuu.

"Ni uchovu," nilimwambia. "Umekaa mno kwenye ndege."

Asubuhi iliyofuata aliinama kufunga kamba za viatu aende kazini, akashindwa kupumua. Gari la wagonjwa lilikuja upesi, lakini alifia njiani. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni likaziba mshipa wa mapafu. Nilimuuliza daktari kama ni mikono yangu iliyolisukuma. Alinitazama kwa huruma, akasema hakuna awezaye kujua. Ningefurahi zaidi kama angesema hapana.

Baada ya mazishi madaktari wakataka kumpima binti yetu, aliyekuwa na miaka kumi na minne. Kipimo cha kwanza hakikuonyesha kitu, nikamshukuru Mungu. Lakini daktari bingwa wa damu, mama mtu mzima, alituita tena. Alieleza kwamba hitilafu waliyoitafuta ni ya kurithi na huonekana sana kwa watu wa Ulaya, ila kwa Wachina ni nadra. Wao mara nyingi tatizo huwa kwenye protini nyingine, ile inayoizuia damu isigande kupita kiasi.

"Upande wa baba yake kuna mtu aliyewahi kupata bonge la damu?" aliuliza.

Sikujua. Miaka yote ile sikuwahi kuuliza.

Jumapili tukampigia simu mama mkwe, binti yangu akitafsiri. Bibi alisema kaka yake alikufa akiwa na miaka thelathini, mguu umevimba. Walidhani ni kwa sababu ya kushinda kwenye cherehani ya kiwandani. Kisha akauliza jambo kwa sauti ndogo.

Binti yangu alinigeukia. "Anauliza kama imetoka kwake."

"Mwambie hatujui."

Binti yangu alisema maneno mengi kuliko hayo. Bibi akaanza kulia, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo. Tulipokata simu nikamuuliza amemwambia nini.

"Nimemwambia imetoka kwa babu."

"Kwa nini?"

"Babu ameshakufa, Mama. Hawezi kuumia."

Nilimkumbatia pale pale mezani.

Kipimo cha pili kilionyesha kwamba binti yangu anayo hitilafu ile ya protini. Hatukumwambia bibi, na bibi naye, bila kutuambia, alikwenda kupimwa kwao. Siku moja akapiga simu. Binti yangu alisikiliza muda mrefu, uso ukimshuka.

"Amepimwa. Ni yeye," alisema. "Anasema nisimdanganye tena, hata kwa kumwonea huruma. Anataka kujua kama na mimi ninayo au sina."

"Mwambie ukweli."

Alimwambia. Nilisikia upande wa pili kiti kikiburutwa, halafu bibi akirudia neno moja, tena na tena. Sikuhitaji tafsiri kujua kwamba anaomba msamaha. Nikaichukua simu nikaanza kumwita, "Mama, mama," mpaka tukawa tunalia sote wawili, kila mtu kwa lugha yake.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na sita. Hanywi dawa kila siku. Anabeba kwenye pochi kadi inayoeleza hali yake, na kabla ya safari ndefu ya ndege atachomwa sindano ya kuzuia damu isigande. Mwezi uliopita daktari alimwambia kwamba akija kupata mimba atahitaji uangalizi wa karibu.

"Mimi bado nasoma!" alijibu, akacheka, daktari naye akacheka.

Mimi nilimkumbuka baba yake, nikatoka nje kwenye korido nikasimama nikitazama ukuta. Alinifuata baada ya dakika chache, koti mkononi, akaniuliza kama tupande basi au tutembee. Tukatembea.