Milango Iliyotazamana

Sogeeni, nafasi ipo, na aliyeshika kikombe chake anywe taratibu. Leo nawapa habari za Nkwabi, mvuvi wa mwalo mmoja mdogo wa kuegeshea mitumbwi hapa ziwani, upande huu wa Nkome. Alikuwa mtu mpole nyumbani, si mlevi, si mgomvi. Ila alipenda mno mstari ulionyooka.

Mwaka wa sabini na nne, watu walipohamishiwa vijijini, yeye akachaguliwa katibu wa viwanja. Kamati ilikubaliana kwamba mchanga wa ufukweni usijengwe, ubaki wa wote kwa kuanikia dagaa, na nyumba zipangwe huko juu, pande mbili za barabara. Hapo hakuna aliyebisha. Kisha Nkwabi akaongeza ya kwake: milango yote itazame barabara, mlango wa uani marufuku, na mtu akipewa kiwanja hachagui wala habadilishi.

Bi Mwanne, mfanyabiashara wa dagaa ambaye babu zake walitoka pwani, alimfuata pale alipokuwa akivuta kamba ya katani kupimia viwanja.

"Mwanangu, mimi mtu wa stara. Niachie kamlango ka uani, nikienda chooni nisipite mbele ya watu."

"Bi Mwanne, mwenye mlango wa nyuma ana la kuficha. Wewe unaficha nini, magendo au mchumba?"

Watu wakacheka. Mama wa watu akajitanda vizuri kanga yake, akaondoka. Nkwabi naye alicheka, tena kuwapita wote.

Baadaye akatumwa Geita kufuata mabati ya ghala la kijiji, akakawia huko. Huku nyuma ikafika kaya ya mwisho kutoka rasi ya mbali: Nyamizi, mjane, mama mzazi wa Scolastika, mke wa Nkwabi. Kilikuwa kimebaki kiwanja kimoja tu. Vijana wakamjengea harakaharaka, mlango ukatazama barabara kama ilivyoamriwa. Nkwabi aliporudi, akafungua mlango wake asubuhi, akamwona mama mkwe wake ng'ambo ya barabara, ameinama anafagia.

Ninyi wa huku mnajua, ila kwa wageni niseme. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Ukimwona anakuja unaiacha njia, unaingia majanini mpaka apite, na yeye anajifunika. Sasa hawa wawili kila wakifungua mlango wanatazamana. Nkwabi akarudi ndani kinyumenyume, akafunga. Ng'ambo nako mlango ukafungwa.

"Nani kampa mama kile kiwanja?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Sheria yako, baba Januari," Scolastika akajibu. "Walisema hakichaguliwi."

"Nikaombe abadilishiwe?"

"Kaombe. Na Bi Mwanne utamwambiaje?"

Hakwenda kuomba. Alihamia ziwani: usiku anavua, mchana analala kivulini mwa mtumbwi. Akadhani kwa kufanya hivyo amempisha mkwewe. Lakini yule mama hakujua mkwe yupo au hayupo, kwa hiyo hakutoka kabisa. Siku moja Scolastika alimfuata mumewe pale mtumbwini, akasema akitazama chini, "Mama anajisaidia kwenye chungu mle ndani. Anangoja giza ndipo akamwage."

Nkwabi alijifunika wavu kichwani kama mgonjwa wa homa. Hata hapo hakwenda kuomba.

Ndipo Nyamizi akatoboa ukuta wa nyuma kwa jembe. Mwenyekiti Maganga akapata habari, akamwita Nkwabi mbele ya kamati.

"Ndugu Katibu, kuna nyumba imetobolewa uani. Twende ukaizibishe, sheria ni yako."

Akaenda nao. Walipozunguka nyuma ya nyumba, walimkuta mama mtu mzima anatoka kwenye tundu lile kwa magoti na viganja, udongo kichwani, kanga imekwama ukutani. Akainua uso. Akamwona mkwewe.

Nkwabi alichuchumaa palepale, akaweka paji la uso chini. Wanaume wakageuka pembeni. Bi Mwanne, aliyekuwa akipita na tenga lake, alivua kanga ya juu, akamfunika Nyamizi, akamwongoza kwenda kwake.

Jioni ile kijiji kilimwona akiziba mlango wake wa barabarani kwa udongo na kutoboa mwingine uani.

"Ndugu Katibu, hiyo ni kuvunja sheria," Maganga akasema.

"Naijua. Tafuta katibu mwingine."

Mvuvi mmoja akamtania, "Unaficha nini, bwana?"

"Uso wangu," akasema, akaendelea kukandika.

Nyamizi alikaa kwa Bi Mwanne mpaka udongo wa mlango wa Nkwabi ulipokauka, ndipo Scolastika akamrudisha nyumbani kwake, naye mama akapita mlango wa mbele, mchana. Wengine nao wakaanza kutoboa milango ya uani, na kamati ikanyamaza. Ule mchanga wa dagaa tu ndio haukuguswa.

Na Bi Mwanne? Nkwabi alikusudia kwenda kumwomba radhi, akafika mara nyingi mpaka uani kwake, akarudi. Bi Mwanne akija kununua dagaa, Nkwabi alimpimia debe la kufurika, huku ameangalia kando.

"Tazama unakopima, mwanangu," Bi Mwanne humwambia. "Wanamwagika."