Jiwe la Msibani

Juzi Kibaha dereva wa bodaboda alianguka, mguu umevunjika, na watu wakamzunguka wakimpiga picha na kucheka. Jirani yangu akasema, "Babu, wengine wamezaliwa hawana huruma." Wamezaliwa! Nilitamani kumzaba kofi.

Hata mimi niliwahi kuamini hivyo, utotoni kwetu Kibuta. Baba alikuwa amefariki, nyumba inanukia ubani, na mama hajatia kitu kinywani tangu jana yake. Akatokea mtani wetu wa Kinyamwezi, kavaa koti la marehemu, anachechemea kama Baba alivyokuwa akichechemea. "Shemeji, unalia nini? Mwenzio kaukimbia ugali wako mbichi!"

Nikaona huyu kazaliwa bila moyo. Nikaokota jiwe.

Bibi akanidaka mkono. "Liache, wewe! Huyo ni mtani, kazi yake kumchekesha mfiwa. Mtazame mama yako."

Mama alikuwa anacheka huku machozi yanamtiririka. Yule mtani akampa uji, akaupokea, akanywa.

Wale wa Kibaha hawakupata wa kuwadaka mkono. Kama Bibi angeniacha nikarusha lile jiwe, leo mngesema na mimi nilizaliwa sina huruma.