Mshumaa wa Kiema

Kavindu alimwonea wivu mjane, na alijua vizuri kwamba hiyo ni aibu. Lakini wivu hauombi ruhusa. Kila alipomwona Ndunge, jirani yake hapo Makongeni, akipita na kitambaa chake cheusi kichwani, roho ilimchoma.

Waume wao waligongwa pamoja, asubuhi moja, wakivuka Jogoo Road kwa miguu kwenda kazini Industrial Area. Pikapu moja, dereva mmoja na haraka zake. Ngui, mume wa Ndunge, alikufa papo hapo. Kiema, mume wa Kavindu, alivunjika nyonga na mgongo, na tangu arudishwe nyumbani dunia yake ni kitanda, beseni na dirisha.

Kwa Ndunge akina mama wa kanisa walilala sakafuni wiki nzima, wakapika, wakafua, wakaimba. Kwa Kavindu walikuja mara moja, wakaacha sukari, wakasema, "Wewe shukuru Mungu, wako yuko." Akashukuru. Akamgeuza Kiema ubavu, akamwosha, akashukuru tena, mpaka neno lenyewe likamtia kichefuchefu.

Hata redio ilikuwa na ubaguzi. Mtangazaji alisema ajali zinaua watu wengi kuliko mwaka jana, hasa wanaotembea kwa miguu, akataja waliokufa, kisha akamalizia, "na wengine wakajeruhiwa." Wengine! Kavindu alikuwa akimlisha uji kwa kijiko huyo "wengine".

Basi ikafika Jumapili ya kuwakumbuka waliouawa barabarani. Pasta alitaka kila aliyefiwa aje mbele, awashe mshumaa, ataje jina la mtu wake. Ndunge alitangulia. "Ngui," alisema, na kanisa zima likaguna kwa huruma. Mama mmoja akamshika kiuno asianguke. Kavindu aliutazama ule mkono. Yeye ameshikwa na nani, na lini? Miguu ikamtoa kwenye benchi kabla akili haijamfikia. Akachukua mshumaa, akauwasha.

"Kiema," akasema.

Kanisa likaguna. Hawakuwa wamemwona Kiema mwaka mzima, nani angebisha? Mikono ikamjia kutoka kila upande na Kavindu, Mungu amsamehe, alijiachia akaegemea. Ndunge peke yake hakumshika. Jana tu alikuwa amemsikia Kiema akikohoa nyuma ya ukuta wao.

Kavindu alitoroka kabla ya baraka ya mwisho, akidhani yameishia hapo. Wapi! Alisahau watu wake walivyo: aliyefiwa haachwi akae peke yake. Hata hajavua viatu, akawasikia wakija na mikeka na sufuria, wakiimba kwa Kikamba wimbo wa kumsindikiza maiti. Akasimama mlangoni, mikono ameitanua kwenye fremu kama askari wa geti.

Ndunge akapenya hadi mbele. "Kavindu," akamwambia kwa sauti ya chini, "waambie wewe, ama niwaambie mimi."

Kabla hajajibu, sauti ikatoka chumbani.

"Kavindu! Huo si wimbo wa mazishi? Nani amekufa?"

Wimbo ukakatika. Mama mmoja akaiachia sufuria ikaanguka. Kavindu angeweza kudanganya, na uongo wa kumwokoa haukuwa mbali. Lakini alikuwa amechoka kuliko alivyoogopa.

"Ni wewe," akasema, bila kugeuka. "Nimewaambia kanisani kwamba umekufa. Nilitaka nami nililiwe. Nilimwonea Ndunge wivu mpaka nikakuua."

Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Ndani kitanda kikalia; Kiema alikuwa anajaribu kujiinua, akashindwa, akatulia. Kavindu alingoja matusi, na aliyataka.

"Toka hapo mlangoni, waingie," Kiema akasema. "Nilipokuwa hai hawakuja."