Panya wa Nyumba Kumi

Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na maradhi yake yalikuwa haki. Miaka ile ya mwisho ya Ujamaa, bidhaa zilipoadimika, mche wa sabuni ukitufikia huku juu kutoka Lushoto aliukata kwa uzi, kisha akavipanga vipande juu ya ubao na kuvitazama kwa jicho moja. Kile kilichonenepa kidogo alikipeleka kwa jirani, chembamba kikabaki kwetu. Mama alikuwa akimwambia, "Baba watoto, na sisi ni wananchi," naye alicheka tu. Wakati ule nilimwonea fahari. Sasa nikimkumbuka natamani kumkumbatia, na papo hapo natamani kumshika mabega na kumtikisa.

Panya walituzidi tangu nyumba ziliposogezwa zikakaa karibu karibu. Mahindi yetu tuliyahifadhi darini, juu ya meko, moshi uyakinge na wadudu, lakini panya wa milimani hajali moshi. Bwana shamba akatuletea dawa, unga wa kuchanganya na chenga za mahindi. Haikuwa sumu ya kuua papo hapo. Panya alitakiwa aile siku kadhaa mfululizo, damu imvujie ndani kwa ndani mpaka afe. Bwana shamba alimweleza baba waziwazi, mimi nikiwapo na birika la chai mkononi: kopo lile lilitosha nyumba tatu tu. Heri nyumba tatu zimalize panya wao kabisa, na msimu ujao zifuate nyingine, kuliko wote kulamba.

Baba aliitikia kwa adabu zote. Bwana shamba alipogeuza mgongo, akawaita watu uani, akamwaga ule unga kwenye beseni, akaongeza pumba mpaka ukatosha, akaupima kwa kibaba. Kila nyumba ikapata sawa na nyingine. Hakuna aliyenung'unika, na nani angenung'unika? Tulikuwa tumefundishwa kwamba kidogo cha wote ni kitamu kuliko kingi cha mmoja. Panya wakafa kiasi, wengine wakabaki. Msimu uliofuata ikawa vivyo hivyo, na uliofuata, hadi watu wakaanza kusema dawa ya siku hizi haina nguvu, bila shaka wajanja wa Mombo wanaichanganya na unga wa muhogo kabla haijapanda mlima.

Kisha ikaja tauni. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, alipenda kulala kando ya meko kwa sababu ya baridi, chini ya dari yenyewe. Aliamka na homa, akasema kinena kinamuuma. Mama alipomfunua akakuta mtoki umevimba kama yai la kuku. Tulimshusha kwa machela, ukungu ukiwa mzito hata wabebaji hawaonani, na tulipofika hospitali mganga alimshika mkono akatikisa kichwa. Alikuwa msichana mcheshi, akiiga sauti za watu wazima hadi wenyewe wakacheka. Nyumba yetu haijacheka namna ile tena.

Walimzika wanaume wachache, haraka haraka. Matanga hayakuwa na watu. Majirani walituwekea chungu cha makande pembeni ya shamba la maharage, wakaita kwa mbali, wakarudi mbio. Mimi niliwachukia wote. Baba ndiye aliyekuwa akienda kukichukua kile chungu. "Wasilaumiwe," alisema. "Nao wana watoto."

Baada ya hapo walikuja wataalamu kutega panya kijijini petu, wakawapeleka kituoni kwao, upande wa pili wa mlima. Walihitaji mtu wa kulisha wanyama, na mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sina kazi, tena nina hasira na panya. Wakaniajiri. Walisema mtu anayechukia panya hatawazoea, kumbe nikawazoea, nikajua yupi mkorofi na yupi anapenda kulala juu ya wenzake.

Waliwapa wote dawa ileile, kwa kipimo kamili. Panya waliotegwa ng'ambo ya bonde walivuja damu wakafa. Wa kwetu walikula, wakanenepa, wakazaa mumo humo kwenye vizimba. Watoto wao, ambao hawakuwahi kuionja dawa maishani, walipopewa nao hawakufa.

Mkuu wa kazi hiyo alikuwa mama mmoja wa Tanga, mpole, aliyenieleza mambo bila kunifanya nijione mjinga. Alisema panya hawa wana kitu ndani ya ini, vimeng'enya vinavyoivunjavunja sumu kabla haijafanya kazi yake. Panya wote wanavyo, lakini kwa hawa vina nguvu kuliko kawaida, na nguvu hiyo mzazi humrithisha mtoto. "Ukitaka kijiji kijae panya wa namna hii," akasema, "wape sumu hafifu. Wanyonge watakufa, wenye ini kali watabaki wazaane wenyewe kwa wenyewe. Kwenu mlikuwa mnaitumiaje?"

"Tuligawana, mama," nikamjibu.

Akaacha kuandika, akanitazama.

Niliogopa kwenda nyumbani. Kila nilipokwenda, baba alikuwa na swali moja: wataalamu wamejua kwa nini panya wa kwetu hawafi? Angeuliza tena, na mimi sikujua kama nina haki ya kumvunja mzee ambaye tayari alikuwa amemzika mtoto.

Nilimkuta anapukuchua mahindi na mama. Nikatoa shikamoo, nikakaa, na swali likaja kabla sijanywa maji. Nikamweleza yote, kwa Kishambaa, taratibu. Nikaongeza, na ni kweli, kwamba panya akifa kiroboto wake huhamia kwa mtu, kwa hiyo huenda hata dawa kamili isingemwokoa mdogo wetu. Hakuna ajuaye.

Baba aliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje tena. "Kumbe nilikuwa nafuga," akasema.

"Hukujua, baba."

"Niliambiwa. Nyumba tatu." Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole. "Ya kwanza ningempa yule mjane wa chini, hana mtu wa kumsaidia. Ya pili, wale wenye mapacha. Ya tatu..." Akakunja kidole cha tatu. "Ya tatu ningempa mzee kipofu. Yetu ningeiweka mwisho. Balozi hawezi kuanza na kwake." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba nimwambie kwamba basi ni yaleyale, kwamba mtoto angekufa tu.

Nilikuwa karibu kumwambia. Lakini mama, ambaye hakuwa ameinua kichwa muda wote ule, aliweka gunzi lake chini.

"Mimi ningeanza na yetu," akasema.

Mama akajifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kuwasha moto.