Tulivyokwenda Mikumi kwa Macho ya Shangazi

Shangazi Mwajuma aliumwa mgongo na viungo kwa miaka mingi, lakini ulimi wake haukuumwa hata siku moja. Alipoanza kumimina chai nje ya kikombe, hapo tuliacha kucheka. Muuguzi wa zahanati yetu ya hapa Kilosa akaniambia madaktari wa macho wanakuja Mikumi. "Mpeleke, mwalimu. Msiseme ni uzee." Nikaomba ruhusa shuleni.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa stendi. Mabasi ya watu binafsi yalikuwa yameanza kugombea abiria, na wapiga debe wawili wakamshika shangazi, huyu mkono huu, yule ule.

"Haya, gawaneni!" akasema. "Ila atakayepata mgongo asinirudishie."

Baada ya Masanze tulisimama kijiji cha Ulaya. Shangazi akashuka, akanunua ndizi, akatangazia basi zima: "Nikifa leo, semeni nilifika Ulaya!" Nilicheka huku kichwa kikinigonga upande mmoja. Kipandauso changu, tangu ujana. Nikameza vidonge viwili kama kawaida.

Mikumi tulifika saa tano, nyani wamekaa kando ya barabara kuu kama wenye mji. Asha, binti ya shangazi aliyeolewa huko, alitukimbilia. "Shikamoo mama! Shikamoo dada!" Tukala wali na kunde, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole. Akammulika shangazi macho yote mawili.

"Bibi, una mtoto wa jicho."

"Mtoto? Kwa umri huu?"

Hata daktari alicheka. Upasuaji ukapangwa kesho yake. Kisha akanigeukia.

"Na wewe, mbona umefumba jicho?"

"Kipandauso tu, daktari. Nimekizoea."

"Kaa."

Akanipima presha ya macho, akanimulika, akachezesha kidole pembeni ya uso wangu. Jicho la kushoto halikukiona.

"Mshipa wa fahamu wa jicho hili umeanza kufa," alisema. "Ugonjwa huu, glakoma, hauumi. Baadhi ya wenye kipandauso huupata pia. Huenda ni mishipa midogo ya damu inayobana, hatuna hakika. Kwa hiyo mtu mwenye maumivu ya siku nyingi simwachi bila kumwangalia. Ulichopoteza hakirudi. Kilichobaki ni kingi, na dawa ya matone itakilinda."

Nililia kidogo mlangoni. Asha akanishika bega.

Siku ya tatu bandeji ya shangazi ilifunguliwa. Akapepesa, akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni. "Kumbe umenenepa hivi, na hamniambii!" Wodi nzima ikaangua kicheko, nami nikiwamo.

Safari ya kurudi alikaa dirishani, akinitajia kila alichokiona: mbuzi, mkonge, bati jipya juu ya nyumba ya fulani. Mgongo ulimuuma vilevile, hakuutaja.

Mimi niliwaza. Kwa kuwa nililijua sana umivu moja, nilidhani naujua mwili wangu wote. Kila ukungu uliponijia jichoni nilikisingizia kipandauso, nikameza vidonge, nikaendelea kufundisha.

Jioni tulipofika nyumbani, nilihangaika na kichupa cha matone, dawa ikamwagika shavuni. Shangazi akaninyang'anya, akaniinua kidevu.

"Tulia, mwalimu," akasema. "Leo mwenye kuona ni mimi."

Tone likaingia katikati ya jicho.